Kunasa, kukata na kutoa klipu za video: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali ya wapiga video wa harusi na vipaimara, viongozi wa kwaya, walimu na vijana wenye chaneli zao, kuanzia Tunduma na Mbeya mjini mpaka Mafinga, Iringa na Njombe. Majibu yanamlenga mwenye laptopu ya mtumba, umeme unaokatika bila taarifa na bando la kuhesabu. Mwenye mashine kubwa atafaidika pia, ila aruke aya za RAM.

Programu ipi ni bora kuliko zote?

Hakuna. Anayetafuta moja ya kumaliza kila kitu huishia kupakua zigo la GB kadhaa ambalo laptopu yake haiwezi hata kulifungua. Kazi yenyewe ni tatu: kunasa, yaani kuingiza picha kwenye kompyuta, kukata na kupanga, halafu kutoa faili la mwisho, ambalo wengi huita kurenda. Kila kazi inaweza kuwa na programu yake, na mara nyingi ndivyo mambo yanavyokwenda vizuri.

Anzia mwisho. Klipu itatazamwa wapi: TV ya sebuleni kwa fleshi, WhatsApp, YouTube, au deki ya DVD ya bibi kule Kyela? Kisha rudi mwanzo: picha inatoka wapi, kwenye kanda, kadi, simu au skrini ya kompyuta? Ukishayajibu hayo mawili, programu za kuchagua zinabaki chache sana.

Sawa, lakini nipakue nini leo?

Kama una kanda za MiniDV, zile ndogo za kamera za kidijiti, chukua WinDV. Kanda za VHS zinataka VirtualDub2, au OBS Studio kama hutaki kuhangaika sana. OBS hiyohiyo ndiyo ya kurekodi skrini na picha inayotoka kwenye kamera kwa kebo ya HDMI. Kwa kukata vipande bila kurenda upya, LosslessCut. Kwa kuhariri kwenyewe, Shotcut au Kdenlive. DaVinci Resolve iache mpaka uwe na mashine ya maana. Kugeuza faili lililokwisha kuhaririwa liwe dogo au lisomeke kwenye TV, HandBrake.

Zote hizi ni za bure, na DaVinci Resolve ina toleo la bure linalotosha wengi. Zipakue kwenye tovuti za waliozitengeneza. Tovuti za kati zenye vitufe vitano vya kupakulia huchomeka na takataka nyingine humohumo.

Windows Movie Maker bado inaulizwa sana. Microsoft waliacha kuitoa Januari 2017, kwa hiyo unayoikuta leo mtandaoni kwa jina hilo imewekwa na mtu mwingine. Achana nayo.

Laptopu yangu ina RAM ya GB 4. Nitaweza?

Utaweza kunasa na kukata. Kuhariri picha ya HD kutakuwa kwa taabu. Watengenezaji wa Shotcut wenyewe wanasema GB 4 kwa picha ya kawaida, GB 8 kwa HD na GB 16 kwa 4K, na vipimo hivyo vinaendana na hali halisi. Resolve inataka GB 16 na kadi ya picha inayojitegemea. Ukiilazimisha kwenye laptopu ya ofisi itafunguka, itaonyesha picha mbili tatu, kisha itajifunga.

Kuna njia ya kupumua, nayo ni nakala ndogo za kuhaririria, kitu ambacho Shotcut na Kdenlive wanakiita proksi. Programu inatengeneza nakala nyepesi ya kila klipu, unahariri kwa hizo, na wakati wa kutoa inarudi yenyewe kwenye klipu halisi. Ubora wa mwisho haupungui. Ukiwa na hela ya kuongeza kitu kimoja tu, ongeza RAM kabla ya kuota kompyuta mpya, halafu badilisha diski ya kuzunguka uweke SSD.

Kamera yangu ni ya kadi. Nahitaji programu ya kunasa?

Huhitaji. Kadi tayari ina mafaili, kazi yako ni kunakili. Ila nakili kadi nzima, si mafaili uliyoyachagua kwa macho. Kamera nyingi za AVCHD, mfumo wa HD wa kamera za kadi, huweka picha ndani ya PRIVATE, AVCHD, BDMV, kisha STREAM, na mafaili ya MTS ndiyo yaliyomo humo. Tengeneza folda yenye tarehe na jina la shughuli, mwaga kadi yote humo, kagua kwamba ukubwa unalingana, ndipo ufute kadi. Kufuta kufanyike ndani ya kamera kwa amri ya kufomati.

Hapa ndipo linapozuka tatizo la ibada ndefu. Kamera hukata faili kila linapofika GB 2 au GB 4, kulingana na aina ya kamera, hata kama hukuacha kurekodi. Ukiyapanga mafaili hayo moja baada ya jingine kwenye programu ya kuhariri, unaweza kusikia sauti inaruka kwenye kiungo, kama kwaya imemeza silabi. Sababu ni kwamba sauti na picha hazikatiki mahali pamoja. Yaunganishe kwanza. Kwa MTS, fungua dirisha la amri la Windows ndani ya folda hiyo na uandike:

copy /b 00001.MTS+00002.MTS+00003.MTS ibada.mts

Hakuna kurenda, hakuna ubora unaopotea, na inachukua muda wa kunakili tu. Amri hii haifai kwa MP4. Faili litaonekana kubwa lakini litacheza kipande cha kwanza peke yake. MP4 ziunganishe kwa LosslessCut, na lazima ziwe zimetoka kamera moja kwa mipangilio ileile.

Nina kanda za MiniDV za miaka ya 2000. Nizinase vipi?

Kwa FireWire tu, aina ya tundu na kebo ya kupitishia video, ambayo kwenye kamera za Sony imeandikwa i.LINK. Tundu la USB la kamera hizo lilikuwa la picha za mnato au video duni ya kupigia simu, kwa hiyo usiridhike nalo. Na zile kebo za bei chee zenye USB upande mmoja na FireWire upande wa pili hazifanyi kazi, kwa sababu lugha za pande hizo mbili ni tofauti na ndani ya kebo hamna mkalimani. Zinaendelea kuuzwa, na watu wanaendelea kuagiza.

Unachohitaji ni kompyuta ya mezani yenye kadi ya FireWire ndani, au laptopu ya zamani yenye tundu lake, na kebo ya pini 4 upande wa kamera na pini 6 upande wa kompyuta. Zima kamera kabla ya kuchomeka. Plagi ya pini 6 hubeba umeme, na ikiingizwa kinyumenyume au kwa kuparaza inaweza kuunguza tundu la kamera, na fundi wa kulitengeneza hapatikani kirahisi.

Hatua ni hizi. Peleka kanda mbele mpaka mwisho na uirudishe, ili ikae sawa kwenye vikombe vyake. Weka kamera kwenye hali ya kuchezesha, na uitumie adapta ya umeme badala ya betri. Fungua WinDV, chagua AVI aina ya 2, elekeza faili kwenye diski ya ndani, anza kunasa, kisha chezesha kanda. Inaenda kwa muda halisi: kanda ya dakika 60 inachukua dakika 60. Saa moja ya DV hula karibu GB 13, picha ya 720 kwa 576, fremu (picha mojamoja zinazounda video) 25 kwa sekunde. WinDV inaweza pia kuikata yenyewe kila mahali kamera ilipozimwa na kuwashwa, kwa kusoma tarehe na saa zilizofichwa kwenye kanda, na kwa harusi ya siku nzima hiyo ni nusu ya kazi ya kupanga.

Kama kanda ilirekodiwa HDV, yaani HD kwenye kanda hizohizo, WinDV haitaiona, tumia HDVSplit.

Fremu zikianza kudondoka, usilaumu diski haraka. DV inahitaji chini ya MB 4 kwa sekunde, na diski yoyote inaweza hiyo. Chanzo huwa ni kinga ya virusi inayokagua faili wakati linaandikwa, au masasisho ya Windows. Zima intaneti mpaka umalize. Picha ikiwa na viboksi vinavyorukaruka, vichwa vya kamera ni vichafu: pitisha kanda ya kusafishia kwa sekunde 10 hivi, usizidishe. Viboksi visipotoka, ijaribu kanda kwenye kamera iliyoirekodi, hasa kama ilirekodiwa kwa mwendo wa LP, ule wa polepole wa kurefusha kanda, ambao kamera nyingine hushindwa kuusoma.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo kitabu cha kamera hulitaja kwa mstari mmoja. Asubuhi za Juni na Julai, Makete na Njombe, kamera iliyolala kwenye gari ukiiingiza kwenye chumba chenye jiko la mkaa hushika umande ndani. Ngoma inayozungusha vichwa inalowa, kanda inaganda juu yake na kukunjika. Kamera itaonyesha alama ya umande na kugoma. Usiilazimishe. Iache ndani ya begi lake lililofungwa mpaka ipate joto la chumba, saa moja au zaidi, ndipo uifungue.

Na VHS je?

VHS ni ngumu zaidi, kwa sababu ishara yake si ya kidijiti na inayumba. Unahitaji deki nzima, kifaa kidogo cha USB cha kunasia chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, na uvumilivu. Deki ya sauti moja hutoa nyeupe peke yake, nyekundu iache.

Kwenye VirtualDub2 ingia hali ya kunasa, chagua kifaa chako, weka mfumo wa PAL, ule wa TV za huku kwetu, ukubwa 720 kwa 576, rangi YUY2, kodeki (njia ya kubana video) ya Huffyuv au Lagarith, sauti PCM ya 48 kHz. Ukichagua NTSC, mfumo wa Marekani, kwa kanda ya PAL utapata picha nyeusi na nyeupe au inayobingirika. Kanda iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani inataka kinyume chake, tena na deki inayojua NTSC. Tenga GB 25 hadi 35 kwa saa moja. Ni nyingi, lakini hilo ni faili la kazi; ukishatoa nakala nzuri ya H.264 unaweza kulifuta.

Hitilafu inayosumbua kuliko zote ni sauti kuachana na picha kidogokidogo. Kanda iliyochoka hutoa mistari isiyolingana urefu, kifaa cha USB kinakosa fremu, na programu inaendelea kuhesabu kana kwamba hakuna kilichopotea. Vifaa vingine vinaweka skrini ya buluu ishara ikidhoofu. Dawa ni kupitisha ishara kwenye kitu kinachoituliza kabla haijafika kwenye USB: deki ya kurekodi DVD ukiitumia kama njia tu, au kamera ya MiniDV inayokubali kuingiziwa picha kwa kebo ya AV na kuitoa hapohapo kwa FireWire. Ukiwa na kamera ya namna hiyo, achana na kifaa cha USB kabisa na unase kwa WinDV. Matokeo ni bora, tena bila gharama mpya.

Mstari wa vurugu chini kabisa ya picha si ubovu wa kitu chochote. Kila VHS inao. TV za zamani ziliuficha nyuma ya fremu. Ufunike kwa nyeusi wakati wa kuhariri.

Kanda zilizokaa Tukuyu au sehemu nyingine za mvua nyingi zikague kwanza kwenye dirisha lake la plastiki. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za mkanda, hiyo ni kuvu. Usiiweke kwenye deki unayoitegemea, maana itachafua vichwa na kuhamia kwenye kanda za watu wengine. Tafuta deki ya kafara.

Kifaa cha HDMI kimeandikwa 4K lakini picha inakwenda kwa kushtukashtuka.

Vile vidogo vya bei nafuu hupokea 4K lakini hutoa 1080 kwa fremu 30, tena kwa kubanwa kwa MJPEG. Fungua sifa za kifaa kwenye OBS, uone aina ya picha. Ikiwa ni YUY2, badilisha iwe MJPEG. Hesabu yake ni nyepesi: picha ya 1080 ya YUY2 isiyobanwa kwa fremu 25 inataka zaidi ya megabiti 800 kwa sekunde, na USB 2.0 mwisho wake ni 480. Kifaa kinajiokoa kwa kushusha fremu mpaka 5 kwa sekunde, na ndiyo mshtuko unaouona.

Skrini ikiwa nyeusi kabisa wakati umechomeka king'amuzi, hapo kuna kufuli la HDCP, kinga ya kuzuia kunakili. Si kosa la programu, na matangazo hayo si yako kuyarekodi. Ikiwa ni kamera na unaona alama za betri na mraba wa fokasi juu ya picha, ingia kwenye menyu ya kamera uzime maandishi ya HDMI.

Mipangilio gani ya OBS kwa ibada au semina?

Fremu 25, ukubwa 1920 kwa 1080, au 1280 kwa 720 kama mashine ni dhaifu. Kodeki ya QuickSync kwa laptopu za Intel, NVENC kwa kadi za NVIDIA. Ukikosa zote, x264 kwa kasi ya veryfast. Sauti 48 kHz. OBS ikilalamika kwamba usimbaji, yaani kubana picha, umezidiwa, shusha ukubwa wa picha kabla ya kushusha ubora.

Rekodi kwa MKV, usirekodi kwa MP4 ya kawaida. MP4 huandika faharasa yake mwishoni, pale unapobonyeza kuacha. Umeme ukikatika dakika ya 80 ya ibada, faharasa haipo, na faili la GB kadhaa halifunguki popote. MKV itapoteza sekunde chache za mwisho tu. Ukimaliza, nenda kwenye menyu ya faili uchague kugeuza rekodi, na kwa dakika moja unapata MP4 bila kurenda. Betri ya laptopu inaweza kuwa nzima, lakini miksa ya sauti na kamera hazina betri, kwa hiyo UPS ndogo, betri ya akiba, iende kwenye meza ya sauti.

Jambo moja zaidi: weka fremu kamili (keyframe) iwe kila sekunde 2. OBS ikiachwa iamue yenyewe kwa x264 huweka fremu 250, yaani sekunde 10 kwa fremu 25, na baadaye utakapotaka kukata wimbo mmoja kwa LosslessCut utalazimika kuanzia sekunde kadhaa kabla ya mahali ulipotaka. LosslessCut haikosei hapo. Kukata bila kurenda huanzia kwenye fremu kamili tu, kwa kuwa nyingine zote ni maelezo ya kilichobadilika.

Nirekodi fremu 25 au 30?

25. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa za mirija na LED nyingi za kumbi huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde. Ukirekodi fremu 25 kwa shata (muda wa kuingiza mwanga) ya 1/50 ya sekunde, mwanga unaingia kwa kiasi kilekile kila fremu. Fremu 30 kwa 1/60 huleta michirizi inayotembea ukutani, na hakuna programu ya bure inayoiondoa vizuri. Simu nyingi huja zimewekwa 30. Tafuta mpangilio wa 25 kama upo, au tumia programu ya kamera inayoruhusu.

Ukishachanganya kamera ya 25 na simu ya 30, mradi uwe wa 25. Picha ya simu itaruka kidogo mtu anapopita. Iwe ya nyongeza, isibebe shughuli.

Video ya simu: mwanzoni midomo inalingana na sauti, dakika ya 20 imeachana. Kwa nini?

Simu haishiki fremu sawa wakati wote. Mwanga ukipungua au ikipata joto inashusha, kisha inapandisha. Kicheza video cha simu kinajua, programu ya kuhariri mara nyingi haijui. Ukiingiza klipu ya namna hiyo Shotcut hujitolea kuigeuza iwe rafiki wa kuhariri, kubali. Vinginevyo ipitishe HandBrake na uchague fremu zisizobadilika, 25 au 30, ndipo uingize.

Simu nyingine hurekodi kwa H.265 ili kuokoa nafasi. Kompyuta ya zamani itakwama nayo. Kwenye iPhone, mpangilio wa kamera uliopo kwa ajili ya kuoana na vifaa vingi ndio wa H.264.

Nitoe faili kwa mipangilio gani ili licheze kwenye TV yoyote?

Hapa ndipo kazi nzuri za watu zinapoharibikia, kwa hiyo tukae kidogo.

MP4 yenye H.264 ya biti 8, profaili High, daraja lisilozidi 4.1, 1920 kwa 1080, fremu 25, sauti AAC ya stereo kwa kilobiti 192. TV nyingi zenye tundu la USB husoma hiyo. H.265 ni ndogo zaidi lakini TV ya mteja ikiikataa utapigiwa simu Jumapili asubuhi. Rangi za biti 10 zinakataliwa zaidi, na TV haitasema sababu. Itaandika tu kwamba haitambui faili.

Ubora uchague kwa CRF, namba ya kiwango cha ubora, badala ya kukisia megabiti. CRF 20 ni nzuri kwa harusi, 23 inatosha kwa mkutano. Namba ndogo ni ubora mkubwa. Programu itatumia biti nyingi watu wanapocheza na chache MC akiwa amesimama. Mwenye FFmpeg, programu inayoendeshwa kwa kuandika amri, anaandika hivi:

ffmpeg -i harusi.mov -c:v libx264 -crf 20 -preset medium -profile:v high -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 192k -movflags +faststart harusi.mp4

Ukubwa ukiwa na mpaka, tumia hesabu hii: megabiti kwa sekunde, mara sekunde, gawanya kwa 8, unapata megabaiti. Wimbo wa dakika 5 kwa megabiti 8 ni MB 300. Sherehe ya saa 3 kwa megabiti 5 ni GB 6.75.

Hiyo GB 6.75 haiingii kwenye fleshi iliyofomatiwa FAT32, hata kama fleshi ni ya GB 64, maana FAT32 haipokei faili moja la zaidi ya GB 4. Windows itakuambia faili ni kubwa mno. Kufomati exFAT kunatatua kwa kompyuta, lakini TV za zamani nyingi haziisomi. NTFS husomwa na nyingi zaidi. Kwa mteja usiyejua TV yake, acha FAT32 na ukate sherehe vipande vya saa moja na nusu. Wateja wenyewe hupenda hivyo, kwani wanaruka moja kwa moja kwenye keki.

Kama chanzo ni kanda au AVCHD ya 1080i, kila fremu ina seti mbili za mistari zilizosukwa pamoja, na mtu akikimbia utaona meno ya kitana pembeni yake. Ifumue kabla ya kutoa: HandBrake ina vichujio vya Yadif na Bwdif, Shotcut hufanya yenyewe ukiweka mradi usiosukwa (progressive). Ukitaka mwendo laini wa awali, toa fremu 50 badala ya 25.

Kwa YouTube?

YouTube wanapendekeza megabiti 8 kwa 1080 na 5 kwa 720, kwa fremu za kawaida. Ukizidisha sana hupati kitu, kwani wataibana upya. Kwaya nyingi zinapandisha wimbo wa MB 900 uliotosha MB 300, na bando linaisha njiani. Kanda ya zamani yenye umbo la 4:3 ipandishe mpaka 1440 kwa 1080. Usiivute iwe pana, nyuso zitanenepa.

Wimbo wa msanii mwingine ukisikika kwenye harusi, mfumo wa YouTube wa kutambua nyimbo, Content ID, utautambua. Kutaja jina lake kwenye maelezo hakusaidii. Ruhusa huombwa kwa mwenye haki, na COSOTA, Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ofisi ya kuanzia kuuliza.

WhatsApp inaharibu picha yangu.

Itume kama hati, siyo kama video. Hati zinaruhusiwa mpaka GB 2 na hazibanwi. Kwa stetasi toa 720 mwenyewe. Ukituma 1080 itabanwa kwa haraka na vibaya.

DVD bado zinatengenezwa?

Kwa vijiji vyenye deki, ndiyo. MPEG-2, 720 kwa 576, fremu 25; DVDStyler inatosha. Diski ya GB 4.7 inabeba saa mbili kwa megabiti 5 hivi kwa sekunde, sauti ikiwemo. Ukisukuma saa tatu nyuso zitakuwa na ukungu. Choma kwa mwendo wa 4x au 8x, deki kuukuu hazipendi diski zilizochomwa kwa pupa.

Kurenda kunakwama asilimia 87. Nifanye nini?

Rudia. Ikikwama palepale, kuna klipu mbovu mahali hapo, au maandishi yenye athari nzito. Igeuze klipu hiyo kwa HandBrake na uibadilishe. Ikikwama mahali tofauti kila mara, ni joto au RAM. Joto linapatikana hata Njombe: feni iliyojaa vumbi haijali baridi ya nje. Kagua pia nafasi ya diski C, kwa kuwa programu huandika mafaili ya muda huko hata ukielekeza matokeo kwingine. Usirende moja kwa moja kwenye fleshi. Toa kwenye diski ya ndani, tazama faili mwanzo, katikati na mwisho, kisha nakili. Na uzime mpangilio wa kompyuta kulala.

Nimempelekea mteja faili kwenye fleshi, anasema halifunguki. Lina KB 200 tu.

Hilo ni faili la mradi. Linaeleza klipu zipo wapi na zikatwe wapi, halina picha ndani. Rudi kwenye programu, toa video. Na klipu zenyewe usizihamishe folda mpaka kazi ilipwe.

Vipi Premiere au EDIUS za kuvunjwa zinazouzwa kwenye fleshi?

Ni programu nzuri kwa aliyezilipia. Zile za kuvunjwa hukutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kusakinisha, na kwa kompyuta yenye harusi za watu ambazo hazijakabidhiwa hilo ni ombi la ajabu. Virusi vya kufunga mafaili havichagui. Resolve ya bure inatoa mpaka 3840 kwa 2160 na fremu 60 bila nembo juu ya picha. Kwenye Linux toleo hilo la bure halisomi H.264, kwa hiyo mwenye Linux abaki na Kdenlive.

Kuhusu programu za majaribio zinazoweka nembo: jaribu kutoa sekunde 10 kwanza kabla ya kuhariri saa mbili.

Nikishanasa, kanda nizitupe?

Zitunze, zikiwa zimesimama wima, zimerudishwa mwanzo, mbali na jiko na ukuta unaovuja. Faili la DV lihifadhi kama lilivyo kwenye diski mbili tofauti, moja ikae nyumba nyingine. Nakala ya MP4 ni ya kutazama. Siku ukitaka kuhariri tena utaanzia kwenye DV.